Mwaka Niliotafuta Lugha ya Kuanzia

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana hakuna cha kujisifia. Nasema mapema ili msomaji asitarajie safari nyingi. Wenzangu wa rika langu hapa Ngokolo, Shinyanga, wameshakaa Mwanza, wameshakaa Dodoma, wengine wamefika Dar es Salaam wakarudi na lafudhi. Mimi nikivuka barabara kununua vocha najiona nimetembea. Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakatoka yamejikunja kama mtu aliyeshikwa na homa, nilianzisha huduma ya kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti barazani kwa mama. Nikakaa hapo miaka. Kisha kila mtu akanunua simu yenye kamera nzuri kuliko yangu, fomu zote zikahamia mtandaoni, na mimi nikabaki na mashine ya kopi ambayo kuku wa mama walianza kutagia chini yake.

Dada yangu anakaa Kahama. Ana mashine ya kukoboa mpunga na stoo ya mchele, na simu yake haipumziki. Wateja wa Mwanza, wa Bukoba, hata wa ng'ambo ya mpaka, wote wanauliza kitu kimoja: mchele wa supa leo bei gani, na ule wa kawaida bei gani, na nikichukua mwingi inakuwaje. Dada anajibu huku mashine inanguruma nyuma yake, anapaza sauti mpaka jioni koo limekauka. Siku moja alikuja kumsalimia mama, akanikuta barazani, akanitazama nilivyokaa.

"Wewe si ulisoma kompyuta?"

"Nilisoma kuiwasha."

"Basi nitengenezee tovuti. Mtu afungue simu yake, aone bei, apige hesabu zake, aniache nipumue. Ukiweza ya kwangu, wenye mashine wenzangu wote pale watataka na wao. Utafanya kazi hapahapa kwa mama. Si ndicho unachotaka, kukaa?"

Ndicho nilichotaka. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza ninachotaka kwa uwazi namna hiyo, nilikubali bila kufikiri, na huko kutofikiri ndiko kulikonifikisha Geita.

Maana kulikuwa na upande wa pili. Mume wa dada, shemeji yangu, ana duara huko Geita. Duara ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, wala halina umbo la duara. Mawe yakitolewa shimoni yanatiwa kwenye mifuko, na mifuko hiyo, kabla haijapelekwa kusagwa, inakaliwa. Nasema inakaliwa kwa maana yake kamili: ndugu wa mwenye duara anakaa juu yake mchana kutwa. Haajiriwi mgeni, kwa sababu mgeni anaweza kununuliwa. Anatafutwa mtu wa damu au wa ndoa, asiye na haraka, asiyependa kuzurura. Shemeji alikuwa ameuchambua ukoo wote na akaona hakuna aliyezaliwa kwa kazi hiyo kama mimi.

Mama ndiye aliyekata shauri, huku anapepeta karanga.

"Mpunga ukianza kuingia mashineni, shemeji yako atapita hapa. Akikuta ukurasa wa dada yako unafunguka, unabaki. Asipoukuta, begi lako nitalipanga mwenyewe."

Mvua ilikuwa bado inanyesha, mpunga bado uko majarubani, umesimama kwenye maji. Nikaona nina muda wa kutosha kuwa mtaalamu.

Dada alinipa kompyuta aliyoipata kwa mtu wa migodini. Betri yake ilishakufa. Ukichomoa waya inazima bila kuaga, kwa hiyo ilikuwa inafungwa ukutani kama ndama. Umeme ukikatika na mimi nakatika. Nikaingia kundi moja la wasapu la watu wanaojifunza kutengeneza tovuti, nikabisha hodi kwa adabu zote: "Habari za humu wakuu. Naomba kuuliza, kwa mtu anayeanza kabisa, nianze na lugha gani ya kuandikia programu?"

Ni swali linaloonekana la kawaida. Ningeuliza dini ya kweli ni ipi ningepata majibu machache zaidi.

"Python mkuu. Laini kama uji."

"Python ya nini wakati kijana anataka tovuti? PHP, atundike popote."

"PHP imekufa."

"Imekufa, wewe umeizika?"

"JavaScript, au aache kabisa akalime."

"Aanze na HTML kwanza, aelewe ukurasa unavyojengwa."

"HTML sio lugha. Acheni kumpotosha mtoto wa watu."

Huyu aliyetaja HTML alichekwa mpaka akaondoka kundini. Na mimi nilicheka, nikaweka na vikatuni vya kucheka mpaka machozi, ingawa wakati huo HTML sikuijua ni kitu gani. Baadaye nilielewa kwamba ni zile alama za kuuambia ukurasa hiki ni kichwa cha habari, hiki ni jedwali, hii ni picha. Haipigi hesabu, haiamui chochote. Inapanga tu vitu mahali pake, na kwa kosa hilo wanainyima jina la lugha.

Sasa ni lazima nieleze jambo la huku kwetu, maana bila hilo nitaonekana mjinga wa kawaida, na mimi nilikuwa mjinga wa aina maalumu. Ukanda huu wa dhahabu una kitu kinaitwa rashi. Mtu anakuja mbio anasema kule wametoa. Hasemi nani ametoa, hasemi ametoa dhahabu kiasi gani. "Wametoa" inatosha. Basi watu waliokuwa wanachimba kwa amani wanaacha shimo katikati, wanang'oa maturubai, wanabeba sufuria na mashuka, wanakwenda. Ukibaki unaonekana umerogwa. Sisi tuliokulia huku, hata ambao hatujawahi kushika sururu, tumeinyonya hiyo tabia. Kitu kizuri ni kile ambacho watu wanakikimbilia sasa hivi. Ulichonacho mkononi, kwa kuwa unacho, lazima kina kasoro.

Nilianza na Python, kwa sababu siku hiyo waliotaja Python walikuwa wengi. Nikapakua, nikafuata masomo ya video kwa bando la kuungaunga, na baada ya jasho jingi nikafikia lile zoezi la kwanza wanalopewa wote, la kuiamuru mashine iandike "Habari dunia". Ikaandika. Nikamwita mama.

Mama alikuja anajifuta mikono kwenye kanga, akainama akasoma.

"Inasema nini?"

"Inaisalimia dunia."

"Na dunia imejibu?"

"Bado."

"Itajibuje? Dunia ni kubwa kwako, wewe unaiambia habari. Ungesema shikamoo." Akarudi jikoni. Nilibadilisha ikawa "Shikamoo dunia", na kusema kweli ilikaa vizuri zaidi, lakini marahaba haikuja.

Kabla sijafika somo la pili, mtu mmoja akaandika kundini kwamba kwa tovuti ndogo za biashara PHP ndiyo yenyewe, na seva za bei nafuu, zile kompyuta zinazohifadhi tovuti, zote zinaikubali. Hoja ilikuwa nzuri. Niliacha Python pale ilipo nikahamia PHP, ambayo ilinitaka niweke kwanza programu ya seva ndani ya kompyuta yangu. Bando likaisha katikati ya kupakua, umeme ukakatika, nikaanza upya. Nilipofanikiwa, PHP nayo ikaisalimia dunia. Nikiwa najipongeza, yule wa "PHP imekufa" akarudi na ushahidi mrefu, na nikajiona kama mtu aliyehamia nyumba yenye msiba. Akatokea mwingine, mwenye maneno ya kujiamini, akasema wote tumepotea, tuanze na Ruby. Sikuwahi kumwona mtu mwingine yeyote wa Shinyanga anayeandika Ruby. Hilo halikunizuia. Labda ndilo lililonivuta, kwamba pengine nimewahi rashi kabla ya wengine.

Kwetu Usukumani ngoma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, zinazoshindana kwa kucheza na kwa dawa za waganga wao, na mtu akishakuwa wa upande mmoja, hata wenzake wakicheza ovyo hasemi. Kundini ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa anacheza. Tulikuwa watazamaji watupu tunaobishana dawa ya nani ina nguvu. Asubuhi nilikuwa naamka nimechoka tayari, nafungua simu nione lugha yangu imeamkaje, kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Kuchagua kulinichosha kuliko ambavyo kazi yenyewe ingenichosha. Jioni nikiulizwa nimefanya nini nilikuwa nasema "naendelea kulinganisha", na niliitamka kwa sauti ya mtu wa ofisini.

Mvua zikakatika. Mpunga ukavunwa. Shemeji akaja.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Haya, nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Ukurasa wa mke wangu."

Nikawasha kompyuta. Nikamwonyesha dunia ikisalimiwa kwa Python, kisha kwa PHP, kisha kwa Ruby. Alitazama zote tatu kwa utulivu, kama mtu anayetazama mbuzi mnadani ambaye hana nia ya kununua.

"Mchele uko wapi?"

"Mchele bado. Nilikuwa nachagua lugha."

"Tangu masika?"

"Ni uamuzi mkubwa shemeji. Ukikosea mwanzo umekosea vyote."

"Mimi nilioa kwa muda mfupi kuliko huo."

"Na ulichagua vizuri," mama akasema kutoka jikoni.

"Sikatai mama. Nilichagua vizuri." Akanigeukia. "Gari linaondoka kesho asubuhi."

Begi lilikuwa limeshapangwa. Mama alisema angelipanga, na yeye hana tabia ya kulinganisha. Nilimpigia dada nikitegemea atanionea huruma. Mashine ilikuwa inanguruma, nikasikia vipande tu.

"Nenda!" alikuwa anapaza sauti. "Ukiweza hata ukiwa hukohuko, nitamwambia akurudishe. Lakini msimu ukipita bila kitu, kazi nampa kijana wa hapa mjini. Na wewe utakaa kwenye mifuko mpaka uote mizizi!"

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyosimama. Nikitengeneza ukurasa kabla msimu wa mpunga haujaisha, narudi chumbani kwangu. Nikishindwa, nabaki Geita juu ya mawe ya mtu mwingine. Sijawahi kuwa na jambo lililo wazi kama hilo maishani, na sikulipenda.

Machimbo yenyewe yako mbele ya Katoro, mahali ambapo miti imegeuzwa kuwa nguzo na kila nguzo ina turubai. Watu wametoka kila upande, Kigoma, Mara, Tabora, wengine pwani kabisa. Mifuko ya shemeji ilikuwa imepangwa karibu na mdomo wa shimo, kando ya jenereta la pampu inayovuta maji. Nilioneshwa pa kukaa. Nikakaa. Shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia mwenzake, "Umeona? Hajauliza hata swali."

Jenereta lilikuwa na tundu la umeme la ziada, nikaifunga kompyuta pale. Wachimbaji walipita wakaniona nimekaa juu ya mifuko ya mawe, kofia ya majani kichwani, kompyuta magotini. Mmoja, mtu wa Tanga mwenye ulimi usiolala, akasimama kabisa.

"Huyu ni mkaguzi?"

"Ni shemeji wa bosi."

"Anakagua nini?"

"Anakaa."

"Aisee," akasema, "mimi shule walinidanganya. Waliniambia soma upate kazi ya kukaa, nikadhani wanasema ofisini."

Mtandao ulikuwa haupatikani mpaka upande juu ya kichuguu cha kifusi, na mifuko haipandi kifusi. Kwa hiyo kundi la wasapu likaniponyoka. Siku za mwanzo nilikuwa na wasiwasi kabisa: labda huko nje Ruby imekufa, labda imetokea lugha mpya na mimi nimekaa hapa nimeshikilia zilizopitwa. Nilifungua Python nikaifunga. Nilifungua PHP, seva ikagoma, na wa kumuuliza hakuna. Nilichofanya kwa bidii ni kusogea kufuata kivuli.

Halafu ikaja ile asubuhi. Tulikuwa tunakunywa chai kwa mama ntilie, mtu akafika na pikipiki, hata hakuizima, akasema neno moja kwa mwenzake. Yule akasema kwa mwingine. Nililiona neno likitembea, vikombe vikiwekwa chini vikiwa bado na chai. Wametoa. Ni wapi? Huko mbele. Nani katoa? Wametoa, bwana!

Maturubai yakaanza kushuka. Mtu wa Tanga akapita mbio ameshika godoro, hana hata nafasi ya kunitania. Shemeji naye akawa ameshavaa viatu.

"Panda pikipiki, twende."

"Na mifuko?"

Akaitazama mifuko, akanitazama mimi. Nilimwona anapima. Kisha akasema, "Wewe baki. Kukaa ndiko unakokuweza," na wakaondoka.

Nilibaki nimesimama juu ya mifuko nikiwaangalia. Kulikuwa na mtu mmoja nyuma kabisa, amebeba sufuria kichwani, ndani ya sufuria kuna viatu, anakimbia kuwafuata wengine, na kila anayempita anamuuliza wapi, na kila anayeulizwa anaonesha kidole mbele bila kusimama. Shimo lake alilolichimba lilikuwa nyuma yake, na kamba bado inaning'inia. Sura yake sikuiona. Lakini mwendo ule niliujua. Ule ulikuwa mwendo wangu wa tangu masika, isipokuwa mimi niliukimbia nikiwa nimekaa.

Walipotoweka, machimbo yakawa kimya kama shule wakati wa likizo. Tukabaki mimi, mama ntilie na maharage yake ya watu wengi, na mwangalizi wa pampu, ambaye alikuwa Msukuma wa Maswa na alionekana kuwa na furaha kwamba hakuna anayemsemesha. Sikuwa na pa kwenda wala pa kuuliza. Nikafungua kompyuta, na kwa mara ya kwanza badala ya kujiuliza lugha ipi ni bora, nilijiuliza swali la kichovu zaidi: humu ndani tayari kuna nini?

Kulikuwa na kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandaoni. Kivinjari kinasoma HTML bila kuomba kibali kwa mtu. Na ndani ya kivinjari hichohicho, tangu siku kompyuta ilipoingia kwetu, JavaScript ilikuwa imo. Haihitaji kupakuliwa, haihitaji seva, haihitaji bando. Unaandika kwenye faili, unafungua faili, inafanya kazi. Muda wote nimeipita kama mtu anayepita chumba cha ndani kwenda kutafuta pa kulala. Sikuichagua kwa sababu ni bora. Mpaka leo sijui kama ni bora. Niliichagua kwa sababu haikunitaka niinuke.

Nilikuwa na kijitabu cha masomo yake nilichopakua zamani wakati wa kukusanya kila kitu, sijawahi kukifungua. Nikakifungua. Nikaanza na ile isiyo lugha: nikaandika kichwa cha habari, mashine ya dada, Kahama, nikachora jedwali, supa huku, wa kawaida huku, chenga chini. Jedwali likakaa palepale nilipoliambia. Nilishangaa. Miezi yote hiyo nilikuwa nasalimia tu, na hapa siku ya kwanza mchele ulikuwa umeshafika mezani, na uliofanya kazi hiyo ni ule mtindo wa kuandika niliosaidia kuucheka.

Sehemu ya hesabu ndiyo iliyonitoa jasho. Dada alitaka mteja aandike kilo za supa, aandike kilo za kawaida, aone jumla ya mzigo wake ajue kama unafaa gari dogo au kubwa. Hapo ndipo JavaScript ilipotakiwa. Nikaandika, nikakosea, nikafuta. Jua lilikuwa linazunguka, mimi na kompyuta na kofia tunazunguka nalo.

Waliokimbilia rashi walianza kurudi mmojammoja, rangi ya vumbi. Huko mbele hakukuwa na kitu; waliotoa walikuwa wametoa udongo. Wengine walikuta mashimo yao yameshajaa maji, na hakuna wa kumlaumu. Shemeji alirudi, akahesabu mifuko yake kwa macho, akaikuta yote, akaomba maji ya kunywa. Hakuniambia asante, lakini jioni hiyo kwenye sahani yangu kulikuwa na nyama.

Mtu wa Tanga yeye alirudi na ulimi wake mzima. Akaja kukaa kando yangu, akachungulia kioo.

"Hiki ni nini?"

"Unaandika kilo za mchele, inakupa jumla."

Akaandika kilo kumi za supa kwa kidole chenye tope. Akaandika kilo tano za kawaida. Akabonyeza. Ikatoka: 105.

Akaitazama. Akanitazama.

"Kumi na tano ni mia na tano?"

"Ndivyo inavyosema."

"Jamani!" akawaita wenzake. "Njooni muone mashine ya shemeji wa bosi! Bosi asiguse tena mgao wa mifuko, mgao utapigwa na hii. Mimi nikitoa kumi na mwenzangu akitoa tano, tunagawana mia na tano. Mwakani najenga!"

Walicheka mpaka mwangalizi wa pampu naye akacheka, mtu ambaye nilidhani hana meno. Na mimi nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimechoka hoi, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue kijitabu nilisikia ile sauti ya zamani: hii JavaScript ina kasoro, ungehamia kwingine. Kama mtandao ungekuwepo ningehama siku hiyohiyo. Haukuwepo. Nikarudi kwenye kijitabu.

Kosa nililipata kwenye ukurasa niliokuwa nimeuruka. Kitu chochote ambacho mtu anakiandika kwenye kisanduku, JavaScript inakipokea kama maandishi. Haikujua kwamba kumi ni namba. Ilidhani ni herufi mbili, na tano herufi moja, nikaiambia ijumlishe, na kwake kujumlisha maandishi ni kuyaunganisha, ikaunganisha. Ilinitii kabisa. Ilibidi niitamkie waziwazi kwamba hizi ni namba. Mtu wa Tanga akajaribu tena, ikatoa kumi na tano, akaonekana amehuzunika.

"Umeiharibu," akasema.

Shemeji alipokwenda Katoro kusagisha mawe, nilikwenda naye, na huko kwenye mtandao nikaupandisha ukurasa. Halafu nikamtumia dada anwani, nikasubiri nimekaa kwenye benchi la mtu wa kuuza soda. Msimu ulikuwa bado haujaisha, lakini ulikuwa unakwisha. Magari ya mpunga yalikuwa yameanza kupungua barabarani.

Simu ikaita. Mngurumo wa mashine ndio ulioanza kuzungumza.

"Nimeiona!" dada akasema. "Mbona supa umeandika bei ya juzi?"

"Dada, ndiyo bei uliyonipa."

"Ya juzi niliyokupa juzi! Leo ni leo!"

Nikabadilisha. Baada ya muda akapiga tena.

"Mteja wa Bukoba ameufungua. Halafu amenipigia."

"Ameuliza bei?"

"Hapana. Bei ameiona. Ameuliza mbona bei ya kwenye simu haipungui, yeye apatane na nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia apatane na mimi, tukapatana." Nikasikia anamfokea mtu kuhusu gunia. "Si mbaya. Zamani tulikuwa tunaanza kugombana mwanzo kabisa. Sasa tunaanzia katikati. Mpe simu shemeji yako."

Waliongea wao kwa wao, mimi nikitazama pembeni kama ng'ombe anayejadiliwa. Shemeji alirudisha simu, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Mke wangu ameniamuru nikurudishe. Haya, nitampata wapi mtu wa kukaa kama wewe?" Ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na nimeamua kuitunza.

Nilifika Ngokolo mchana. Nilibisha hodi nyumbani kwetu, jambo ambalo si la kawaida, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alifungua binti mmoja mgeni, amevaa sare za chuo cha uuguzi, akaniuliza namtafuta nani. Mama akatokea nyuma yake.

"Ng'wana wane! Mwanangu, umerudi?"

"Shikamoo mama. Nimerudi. Huyu ni nani?"

"Marahaba baba. Huyu ni mpangaji. Yuko chumbani kwako."

"Mama, mimi si nilisema narudi?"

"Ulisema utarudi ukishachagua lugha," mama akasema, bila ubaya wowote. "Mimi nikajua basi, hurudi."

Mpangaji ni binti mstaarabu, ana mwaka mzima wa masomo mbele yake, na mama hawezi kumtoa mtu wa watu. Kwa hiyo mimi nalala sebuleni. Godoro linakunjwa kabla wageni hawajaanza kuja, na kwa mama wageni huja mapema. Kompyuta nimeifunga kwenye tundu la televisheni. Taarifa ya habari ikianza nachomolewa. Wenye mashine wawili jirani wa dada wameomba kurasa zao, na mmoja ameniuliza kama nitamtengenezea kwa Python, maana amesikia huko ndiko watu wanakokwenda sasa. Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria. Nilinakili ukurasa wa dada, nikabadilisha jina la mashine.

Leo asubuhi dada amepiga mapema kuliko wageni. Supa imepanda. Nikavuta kompyuta nikiwa bado kwenye shuka, nikafungua faili, nikaitafuta bei ya jana. Mama alikuwa amesimama juu yangu na ufagio.

"Nyanyua miguu," akasema, "nifagie."

Nikanyanyua, nikaendelea kuandika hivyohivyo, miguu ikiwa hewani.